Anachora Mashimo Yasiyokuwepo: Mama wa Karagwe Aliyepoteza Jicho Akajifunza Kuona Upya

Pale Omurushaka, wilayani Karagwe, kuna duka moja la vifaa vya ujenzi ambalo baadhi ya wateja wanaingia kwa kuruka. Barazani kuna shimo. Yaani unaliona kabisa: kingo zimemeguka, ngazi nne za udongo zinashuka, chini kuna maji meusi na ndoo imeegemea ukuta. Mama mwenye mzigo kichwani anapunguza mwendo, anakusanya kitenge chake, anapita pembeni. Vijana wa bodaboda wanamcheka, wakati wao wenyewe jana yake waliruka vilevile.

Shimo halipo. Ni saruji tambarare, mkaa, chokaa na udongo mwekundu.

Aliyelichora ni mama wa watoto watatu, ana miaka 36, hajasoma sanaa popote, na ana jicho moja. La kulia ni la bandia. Jina lake hataki litajwe wala sura yake ionekane, na si kwa kuringa. Watoto wake wanasoma shule za hukohuko na baba yao ni mtu anayejulikana. Majirani wamemtungia jina la Mama Mashimo, nalo halimkeri.

Wengi wanaomfahamu wanajua michoro tu. Habari ya jicho wanaijua nusu. Habari ya nyumba hawaijui kabisa, na ndiyo yenyewe hasa.

NYUMBA ILIYOPENDEZA KUTOKA BARABARANI

Alizaliwa vijiji vya karibu na Nkwenda, enzi hizo Kyerwa bado ni sehemu ya Karagwe. Wilaya mbili zilitengana mwaka 2012. Nyumbani kwao walikuwa na kibanja cha kawaida, migomba na mibuni imechanganyika, mbuzi wawili watatu, na ng'ombe mmoja wa kukopeshana maziwa na majirani.

Akiwa na miaka 20 aliolewa upande wa Kayanga. Mume alikuwa mnunuzi wa kahawa, ila si ule ununuzi wa kwenye chama cha msingi. Alikuwa mtu wa butura. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa butura ni nini, lakini kwa wasiojua: mkulima ana msiba au ada ya mtoto, kahawa yake bado changa mtini, anakuja mtu na fedha taslimu na kuinunua hivyohivyo kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, gunia ni la mwenye fedha. Serikali imeipiga marufuku na kila mwaka inaipiga vita, lakini shida za watu hazisubiri msimu.

Kwa hiyo hela ilikuwepo. Nyumba ikasimama kando ya barabara kuu, bati la bluu, madirisha ya alumini, geti jeusi lenye maua ya rangi ya dhahabu. Watu kwenye basi walikuwa wanaonyeshana kwa kidole. Kwenye sherehe za kumfunda bibi harusi, yeye ndiye aliyekuwa anaitwa kutoa nasaha. Wadogo zake waliambiwa na shangazi zao, "Igeni kwa dada yenu, ametulia."

Kipigo kilianza mwaka wa tatu wa ndoa. Mwanzoni kilikuwa cha mara moja moja, baadaye kikazoeleka. Alijifunza kuvaa nguo za mikono mirefu hata jua likiwaka, na kumwambia dada wa kazi aongeze sauti ya redio. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa analinda sura ya ile nyumba. Alipanda maua mbele, alifagia barazani mara mbili kwa siku, alisuguamo geti mpaka likang'aa. "Nilikuwa najua watu wanapita wapi," anasema. "Nilipanga kila kitu kwa ajili ya yule anayepita."

Mwaka 2017, jioni moja, walikuwa wanabishana kuhusu ada ya mtoto mkubwa. Mwanaume alikuwa ameshika kufuli la geti. Alilirusha.

Jicho la kulia lilipasuka.

Polisi alipewa fomu ya PF3, ile inayotakiwa kwa majeruhi kabla au wakati wa matibabu. Alipoulizwa kimetokea nini, mume akiwa amesimama mlangoni, alijibu kwamba ameangukia kisiki. Ikaandikwa hivyo. Baadaye akapewa rufaa ya Mwanza. Daktari huko alimweleza bila kuzungukazunguka kwamba jicho lile haliwezi kuona tena, na likiachwa kuna hatari, japo si kubwa, kinga ya mwili ikaligeukia hata jicho zima. Likatolewa.

Mama yake mzazi ndiye aliyekwenda kumchukua. Hakumpeleka Kayanga. Alimpitisha moja kwa moja hadi Kyerwa, na watoto wawili wadogo wakafuata. Mkubwa, mvulana wa miaka 8, akabaki kwa baba yake kwa sababu ya shule. Ilisemwa ni mpaka likizo. Likizo zikapita nyingi.

KUMIMINA CHAI UPYA

Watu wakisikia "jicho moja" wanadhani unaona nusu ya dunia. Si hivyo. Unaona karibu kila kitu, isipokuwa umbali wa vitu vya karibu unapotea. Macho mawili yamekaa sehemu mbili tofauti kidogo, kila moja linachukua picha yake, ubongo unazilinganisha na kupata jibu: kikombe kiko hapa, ukuta uko pale. Toa picha moja, hesabu inavurugika.

Kwa Mama Mashimo, vurugu hiyo ilianza na chai. Alikuwa anainua chupa, anamimina vizuri kabisa, na chai inamwagika mezani sentimita mbili kabla ya kikombe. Alikuwa ananyoosha mkono kupokea chenji anakamata hewa. Kuingiza uzi kwenye sindano ikawa kazi ya asubuhi nzima. Ngazi ndogo ya mlango wa jikoni ilimwangusha mara tatu katika wiki moja, na mara ya tatu alikaa palepale chini akalia mpaka mama yake akatoka na kukaa naye.

"Mwanangu," mama alimwambia, "usimimine kwa macho. Gusisha mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe kwanza, halafu ndiyo umimine."

Ilifanya kazi. Akaanza kutafuta njia nyingine. Aligundua kwamba akitikisa kichwa kidogo kushoto na kulia, vitu vya karibu vinakimbia zaidi kuliko vya mbali, na hapo anapata kipimo. Akagundua pia kwamba kitu kinachofunika kingine kiko mbele. Na kikubwa kuliko vyote, akagundua kivuli. Ngazi ya jikoni ina kivuli chembamba chini yake. Ukikiona kivuli, umeiona ngazi.

Madaktari wanajua haya yote. Ni njia ambazo ubongo wa kila mtu unazitumia, sema mwenye macho mawili hana haja ya kuziwaza. Yeye alilazimika kuziwaza moja moja, kwa miezi, kama mtoto anayejifunza herufi.

Halafu siku moja akajiuliza swali la kichokozi. Kama kivuli kinanidanganya mimi kuhusu ngazi kinapokosekana, si naweza kuweka kivuli pasipo na ngazi?

SAMADI, MAJIVU NA BIBI WA NG'AMBO

Kuchora kwenyewe alikuwa anakujua kidogo. Wanawake wa Karagwe na Kyerwa tangu zamani wanasiriba nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na mwenye mkono mwepesi anaacha nakshi kwa vidole kabla haijakauka. Ila aliyemfungua macho (ndiyo, yeye mwenyewe anatumia maneno hayo na kucheka) ni bibi mmoja jirani wa mama yake, aliyekulia ng'ambo ya Mto Kagera. Mto huo ndio mpaka wa Karagwe na Kyerwa na nchi ya Rwanda, na watu wa kingo zote mbili wameoana na kutembeleana kabla mipaka haijachorwa.

Bibi huyo alikuwa anajua imigongo.

Neno halihitaji mkalimani. Ni migongo, matuta. Unachukua samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, unainua matuta membamba juu ya ukuta au ubao kwa mistari iliyonyooka, pembe, almasi na mizunguko, unaacha ikauke, unasugua laini, ndipo unatia rangi. Nyeupe inatoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo mwekundu, na nyeusi ya kienyeji inapikwa kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Simulizi za Rwanda zinasema aliyeanzisha ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyetaka kuta za nyumba yake zipendeze. Gisaka ni huko huko mashariki ya Rwanda, upande wa pili wa mto ukiwa Karagwe.

Sanaa hiyo karibu ipotee. Mwaka 1994, Nyarubuye, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kirehe, watu walikimbilia kanisani na kuuawa humo kwa maelfu. Wengine walivuka kuingia Tanzania, na Karagwe ikawa na kambi za wakimbizi, zikiwemo za sehemu ambazo sasa ni Kyerwa, hadi walipotakiwa kurudi mwishoni mwa 1996. Baada ya hapo, wanawake wa Nyarubuye walijiunga katika ushirika uliobeba jina la Kakira wakaanza tena kuinua matuta ya samadi. Leo ukiona imigongo kwenye hoteli ya Kigali, nyuma yake kuna wanawake wa aina hiyo.

Bibi hakumpa historia ndefu. Alimpa tope. "Mwana wange, shika. Mstari ukipinda, usiufute. Ufuatilie na wa pili, upinde vilevile."

Wakasiriba ukuta wa nje wa nyumba ya mama yake kwa pembe nyeusi na nyeupe, zinazoanza pana na kuzidi kuwa nyembamba kuelekea katikati. Ulipokauka, binti yake mdogo alipita mbio mbele yake, akasimama, akarudi, akasema, "Mama, ukuta unatembea."

Mtoto hakuwa anatania. Mistari myeusi na myeupe inayobanana inalichanganya jicho mpaka sehemu bapa inaonekana kubonyea au kuyumba. Huko Uingereza, mwaka 1961, mchoraji Bridget Riley alichora miraba myeusi na myeupe inayopungua upana hatua kwa hatua, na mtazamaji akaona kama ubao umekunjika kuingia ndani. Mwaka 1965 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likafanya maonesho makubwa ya kazi za namna hiyo, na mitindo ya nguo ikafuata. Bibi wa Kyerwa hakuwahi kusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa anajua tu kwamba ukuta wenye pembe nyingi "unachezacheza", na kwamba ndiyo raha yake.

KIINIMACHO SI UCHAWI

Mashimo yalikuja kwa njia ya simu. Mtoto wa kaka yake, yuko sekondari, alimwonesha video za wachoraji wa Ulaya wanaochora mitaani: maporomoko ya maji katikati ya barabara, mtu amekaa ukingoni mwa genge, kumbe ni lami tupu. Kijana alikuwa anashangaa. Shangazi mtu akamwambia, "Mbona hiki najua kinavyofanyika?"

Na kweli alijua, kwa sababu ambayo kijana hakuijua. Michoro hiyo inadanganya vizuri zaidi kwenye kamera kuliko kwa mtu aliyesimama pale. Kamera ina jicho moja. Mtu wa macho mawili akisogea karibu, macho yake yanalinganisha picha mbili na kugundua kwamba ardhi ni bapa. Kamera haina cha kulinganisha, inaamini. Mama Mashimo vilevile. Anapochora hahitaji kupiga picha ili aone kama imekaa sawa. Anaona palepale.

Ndiyo maana kazi yake yoyote ina alama ndogo ya chaki chini, na maelekezo ni mawili tu: simama hapa, fumba jicho moja. Mteja akifumba, shimo linazama kwelikweli, na watu wazima wanashika ukuta.

Namna anavyopima ni ya kifundi kabisa. Anasimamisha fimbo yenye urefu wa macho ya mtu kwenye ile alama ya chaki. Mbele yake anaweka fremu kuukuu ya dirisha iliyofunikwa nailoni inayoonyesha, na juu ya nailoni ameshachora shimo kama linavyotakiwa kuonekana. Anafunga kamba kichwani mwa fimbo, anaivuta mpaka iguse nukta moja ya mchoro, kisha anaendelea kuinyoosha hadi sakafuni. Pale inapogusa anatia alama. Nukta baada ya nukta. Akimaliza, sakafuni kuna kitu cha ajabu, kirefu kama mtumbwi, kimevutwa na kupinda. Ni kwenye alama ya chaki tu ndipo kinarudi kuwa shimo.

Mwanzoni ilikuwa shida. Kwa Kiswahili jambo hili linaitwa kiinimacho, na neno hilo lina harufu ya uganga. Mzee mmoja wa kijiji aligoma kukanyaga uwanja wa mama yake, akasema mwanamke huyu amerudi na mambo. Maneno yakaanza kutembea, na kwa mwanamke aliyeachika, tena mwenye jicho moja, maneno ya namna hiyo Kanda ya Ziwa si ya kupuuza. Watu wameshadhurika kwa mengi madogo kuliko hayo.

Alimwendea mzee nyumbani kwake, akapiga goti, "Shikamoo baba," akamwomba aje mchana kweupe na wajukuu zake. Akamsimamisha kwenye chaki. Mzee akaliona shimo. Kisha akamshika mkono, akamzungusha hatua kwa hatua mpaka ubavuni, na shimo likawa linarefuka, linalegea, mpaka likabaki mkaa uliomwagika. Mzee alirudi kwenye chaki mwenyewe, akaenda ubavuni, akarudi. Mara ya nne akaanza kucheka. Akawaambia wajukuu, "Uchawi hauna pa kusimamia. Hiki kina pa kusimamia."

Wataalamu nao walishafika maeneo haya na swali kama hilo. Mwaka 1966 Segall, Campbell na Herskovits walichapisha kitabu cha utafiti uliolinganisha jamii nyingi duniani kuhusu namna macho yanavyodanganyika, zikiwemo za Ankole, Uganda, ng'ambo ya Murongo tu. Waliwaonesha watu mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na mishale inayofunguka nje na mwingine ndani, na kuuliza upi mrefu. Wamarekani wa mji wa Evanston walidanganyika zaidi ya wengine wote. Maelezo waliyopendekeza ni kwamba aliyekulia kwenye nyumba za pembe na kona za mraba amezoea kusoma kona kama umbali, na aliyekulia kwenye mazingira mengine hajazoea hivyo. Wanasayansi wanabishana juu ya sababu hiyo hadi leo. Lakini Mama Mashimo alipoelezwa na kijana wake wa sekondari, alisema, "Kwa hiyo unadanganyika kwa kile ulichozoea." Akanyamaza muda mrefu.

KESI YA NYUMBA

Alidai talaka mwaka wa pili baada ya kuondoka. Kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, kama sheria inavyotaka, ambako wazee walimwuliza kama hawezi kuvumilia kwa ajili ya watoto. Halafu mahakamani.

Shauri la kumjeruhi lilikufa mapema. PF3 ilisema kisiki. Hilo bado linamuuma kuliko jicho lenyewe.

Mgawanyo wa mali ulikwenda tofauti. Mume alisema nyumba ni yake, hela ya kahawa ni yake, mwanamke alikuwa anakaa tu nyumbani. Hapo ndipo alipojua vitu ambavyo hakuna aliyewahi kumwambia kwenye sherehe zote alizotoa nasaha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwenzi hana haki ya kumchapa mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa pamoja. Na tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. Kupika, kulea, kufagia baraza mara mbili kwa siku, vyote vinahesabika.

Alipata theluthi ya thamani ya nyumba, ilipwe kwa awamu. Inalipwa kwa kusuasua, msimu wa kahawa ukiwa mzuri. Lakini watoto wawili walibaki kwake. Mkubwa alipoulizwa anataka kukaa na nani, alitazama chini akasema baba. Alikuwa na miaka 11. Hakumwangalia mama yake usoni, na mama alielewa, kwa sababu hata yeye kwa miaka tisa alikuwa anajibu maswali akiwa na mtu mlangoni.

KIJANA ALISIMAMA UBAVUNI

Mwaka jana, Siku ya Wanawake, Machi 8, aliombwa achore kwenye uwanja wa saruji wa shule moja. Walitegemea shimo. Akachora nyumba.

Kutoka kwenye chaki ilikuwa imesimama wima kabisa: bati la bluu, madirisha, geti jeusi na maua ya dhahabu. Watu wa Kayanga waliitambua bila kuambiwa. Minong'ono ikapita. Lakini ukizunguka kwenda ubavuni, nyumba ilikuwa inalala, inavutika, na yale maua ya geti, yakitazamwa kutoka pembeni, yalikuwa yanakusanyika kuwa kitu kimoja. Kufuli.

Hakuiga popote, ila wazo hilo lina ukoo wa zamani. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora mabwana wawili matajiri wenye manyoya na vyombo vya elimu, mchoro uliopo London, na chini ya miguu yao kuna doa refu lisiloeleweka. Mtazamaji akienda pembeni, doa linageuka fuvu la mtu.

Wageni rasmi walisimama kwenye chaki, wakapiga picha, wakapongeza. Wachache walizunguka. Watu walipopungua, akatokea kijana mrefu amevaa sare ya shule nyingine. Mama alimtambua kwa mwendo. Miaka 15 sasa. Hakwenda kwenye chaki. Alitembea moja kwa moja hadi ubavuni akasimama akiangalia.

Mama akamwambia, "Njoo usimame huku, ndo inaonekana vizuri."

Kijana akasema, "Hapana mama. Mimi nilikuwaga naiona kutokea huku."

Hakuna aliyelia. Hawakukumbatiana mbele za watu. Huko si kwao. Mama aliuliza kama amekula. Akasema bado. Wakaenda kutafuta chapati na maharage, na kijana alikula sahani mbili. Akamwambia kwamba jioni ile ya kufuli alikuwa ameshika mlango wa chumbani na aliona kila kitu, na kwamba alichagua kwa baba kwa sababu aliogopa baba akibaki peke yake angeenda kumfuata mama Kyerwa. Mtoto wa miaka 11 ndiye aliyekuwa amepiga hesabu hiyo, bila kumwambia mtu.

SASA HIVI

Maisha hayajawa sinema. Mvua za masika zikija zinafuta mkaa na kazi inaanza upya, ndiyo maana wenye maduka siku hizi wanaomba rangi ya mafuta. Baraza la kawaida anachukua shilingi 60,000, vifaa juu ya mteja. Kuna miezi anapata kazi nne, kuna miezi anapalilia migomba ya mama yake. Wasichana wawili wa kijijini wamejifunza kutumia ile fremu na nailoni, na mmoja anampita kwa vivuli, hilo anakiri mwenyewe.

Anavaa miwani muda wote ingawa haimsaidii kuona. Ni kinga tu. Daktari alimwambia mwenye jicho moja hana la akiba, asichanje kuni wala kupita kichakani bila kitu usoni, na amelishika hilo neno kama amri. Jicho la bandia analitoa na kulisafisha bila kujificha. Kitinda mimba wake humletea maji ya kulioshea.

Kwenye sherehe za kumfunda bibi harusi bado anaitwa, cha ajabu zaidi kuliko zamani. Nasaha zake zimekuwa fupi. Anawaambia mabinti: ukiulizwa polisi umeumiaje, sema ulivyoumia. Kama kuna mtu mlangoni, omba atoke kwanza. Vituo vikubwa siku hizi vina Dawati la Jinsia na Watoto, kaulize hapo. Na kwa mashangazi anayo yao: kabla hujawaambia wadogo waige ndoa ya mtu, nenda kalale pale siku mbili.

Kijana mkubwa bado anaishi Kayanga kwa baba yake, ila Jumamosi anapanda gari la Nkwenda. Kazi yake ni kushika fimbo isitikisike wakati mama anavuta kamba. Analipwa elfu tatu kwa siku, na kila Jumamosi analalamika kwamba ni ndogo.